Mzazi asome ripoti ya mtoto wake kabla ya kikao

Ndugu Mhariri,

Ninaomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo moja kuhusu wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu. Gazeti lako limekuwa likiandika juu ya uhaba wa walimu wa elimu maalumu, juu ya madarasa yasiyopitika kwa kiti cha magurudumu na vitabu vya nukta nundu visivyotosha, na ni haki mambo hayo yaandikwe tena na tena mpaka yapate ufumbuzi. Liko hata hivyo pengo jingine ambalo halihitaji jengo wala fungu kubwa la fedha, na labda ndiyo maana halizungumzwi. Mzazi anapoelezwa kwa mara ya kwanza kwamba mtoto wake anahitaji kufundishwa kwa namna tofauti na wenzake, mara nyingi hapewi maelezo anayoweza kuyaelewa, hapewi muda wa kuyatafakari, na akishatoka mlangoni hana mtu anayemjua wa kumrudia akiwa na swali.

Mimi ni mama wa binti mwenye usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine. Ana miaka 12 sasa, na alifanyiwa tathmini akiwa na miaka 6. Siku ya kikao cha kusomewa matokeo nilikuta watu saba wamekwisha kuketi: mwalimu wake wa darasa, mwalimu mkuu, mwanasaikolojia, mtaalamu wa tiba ya usemi, na wengine watatu ambao mpaka leo sijui walikuwa na kazi gani pale. Kila mmoja alikuwa na nakala ya ripoti mbele yake, na baadhi ya nakala hizo zilikuwa zimepigiwa mistari kwa kalamu, ishara kwamba zilikuwa zimesomwa mapema. Yangu nilikabidhiwa nilipovuta kiti. Mwanasaikolojia alipofika ukurasa wa nne, mimi nilikuwa bado ukurasa wa kwanza, nimekwama kwenye neno moja nisilolijua, nikiona haya kuwasimamisha watu saba kwa ajili yangu peke yangu. Hakuna aliyenivunjia heshima. Mwishoni mwalimu mkuu aliniuliza kwa upole, "Mama, una swali lolote?" Maswali yalikuwa yamenijaa kifuani hata sikujua nianze na lipi, basi nikajibu kwamba sina, nikatia sahihi mahali nilipoonyeshwa, nikaondoka. Kikao kizima kilichukua dakika 25.

Usiku, binti yangu alipolala, niliifungua tena ripoti ile nikaisoma taratibu, na katika ukurasa wa sita nikakuta imeandikwa kwamba mtoto haitiki anapoitwa kwa jina lake. Maneno hayo hayakuwa ya uongo, kwa maana siku ile kweli hakuitika. Lakini chumba alichopimiwa kilikuwa na feni kubwa ya ukutani iliyokuwa ikinguruma muda wote, na binti yangu akiwa karibu na mngurumo wa namna ile huziba masikio kwa viganja, huinamisha kichwa, na hasikii tena la mtu mpaka mngurumo uishe. Nyumbani huitika, tena vizuri, iwapo anayemwita ameinama usawa wa macho yake na hakuna kinachonguruma. Hilo nililijua tangu akiwa na miaka mitatu, na lilikuwa na manufaa kwa mwalimu kuliko nusu ya yaliyoandikwa katika ripoti, kwa sababu mwalimu angelijua angemhamisha kiti siku hiyohiyo. Hakuna aliyeniuliza, nami sikufahamu kwamba ni jambo la kusemwa mbele ya wataalamu. Binti yangu alikaa miezi minane chini ya feni ya darasani, na taarifa za mihula miwili zikaandika kwamba hashiriki katika masomo.

Sisimulii hayo ili kuilaumu shule ile, ambayo walimu wake walikuwa na watoto wengi na mikono michache. Ninayasimulia kwa sababu katika kikundi cha wazazi ninachohudhuria karibu kila mmoja ana simulizi ya kikao cha namna hiyo. Bibi mmoja anayemlea mjukuu wake alimnyima kijana huyo kucheza kwa mwaka mzima ili ashinde na kitabu, kwa kuwa karatasi aliyopewa ilikuwa na neno disleksia bila maelezo hata ya mstari mmoja, naye akaelewa kwamba ni neno la kitaalamu la uvivu wa kusoma. Mtoto mwenye disleksia si mvivu, wala hali hiyo haitokani na upungufu wa akili. Ugumu wake uko katika kuzioanisha herufi na sauti zake, na anachohitaji ni kufundishwa sauti hizo hatua kwa hatua, kwa utaratibu na marudio, wala si kuongezewa saa za kuukodolea macho ukurasa asioweza kuusoma. Maelezo hayo yanaenea katika sentensi mbili. Bibi yule aliyapata kwa mzazi mwenzake, kwenye benchi la kusubiri, baada ya mwaka mmoja, na alipoyapata alilia mbele yetu kwa ajili ya ule mwaka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wazazi hawasemi, kwa nini hatukunyoosha mkono tukaomba kueleweshwa. Sababu ziko nyingi, lakini mojawapo ina historia ndefu na inafaa kukumbukwa. Daktari Leo Kanner, aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye hali tunayoiita leo usonji, alitaja katika makala yake kwamba wazazi wenye moyo wa upendo wa kweli walikuwa wachache miongoni mwa familia hizo. Kutokana na fikra za namna hiyo wakazuka waliodai wazi kwamba ubaridi wa mama ndio uliomharibu mtoto, na mwandishi Bruno Bettelheim wa Marekani alilieneza dai hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Kwa miaka mingi akina mama walikwenda kutafuta msaada kwa ajili ya watoto wao wakarudi nyumbani wakiwa wamehukumiwa. Waliosaidia kuuvunja uzushi huo walikuwamo wazazi wenyewe: Bernard Rimland wa Marekani, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, ambaye mwaka 1964 alichapisha hoja zake kwamba chanzo kimo katika maumbile ya ubongo, na Lorna Wing wa Uingereza, daktari wa magonjwa ya akili na mama wa binti mwenye usonji, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wazazi mwaka 1962. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangazia kwamba hawana hatia. Dai lile limekwisha katika vitabu, lakini katika nyoyo halijaisha, na mzazi anayeingia kwenye chumba chenye wataalamu saba huingia akiwa tayari kuulizwa amekosea wapi. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kuuliza maswali. Husubiri tu kikao kimalizike.

Wala nisemayo si mapya. Mwaka 1978 kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock iliwasilisha ripoti yake kwa serikali ya Uingereza kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, na sura moja nzima ya ripoti hiyo inawahusu wazazi kama washirika. Ndani yake kuna pendekezo ambalo mimi nililikuta miaka mingi baada ya kikao changu, nikalisoma mara tatu kwa mshangao: kwamba kila familia ipewe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye mzazi atamwendea kwa swali lolote, badala ya kuzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kamati hiyohiyo ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watano huenda akahitaji msaada maalumu wa elimu wakati fulani katika maisha yake ya shule, kwa hiyo hatuzungumzii familia mbili tatu zilizojitenga. Huko Marekani wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili waliishtaki serikali ya jimbo la Pennsylvania mwaka 1971 kwa sababu watoto wao walikuwa wakikataliwa shuleni, na sheria iliyopitishwa mwaka 1975 kwa ajili ya nchi nzima haikuishia kufungua milango ya shule, bali iliagiza pia kwamba mpango binafsi wa elimu wa kila mtoto uandaliwe kwa kumshirikisha mzazi wake. Nafasi tuliyo nayo leo kwenye meza ile iligharimiwa na wazazi waliokwenda mahakamani, na ni huzuni kwamba wengi wetu tunaikalia tukiwa kimya.

Kwa wale wanaodhani kwamba kumsaidia mzazi ni hisani, ninawaomba wausome Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008. Wengi hutaja ibara ya 24 inayohusu elimu, na hufanya vyema. Lakini ibara ya 23, inayohusu familia, inazitaka nchi ziwapatie watoto wenye ulemavu na familia zao taarifa, huduma na msaada wa kina, tena mapema, na inataja sababu yake waziwazi, nayo ni kuzuia watoto kufichwa, kutelekezwa, kupuuzwa na kutengwa. Walioandika maneno hayo walielewa jambo ambalo wengi hulikosa. Mara nyingi anayemficha mtoto ndani hafanyi hivyo kwa ukatili, bali kwa hofu ya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza. UNICEF ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240, yaani mmoja kati ya kila watoto kumi, na kwamba uwezekano wa watoto hao kutowahi kabisa kuingia shuleni ni mkubwa kwa asilimia 49 kuliko ule wa wenzao. Mtoto ambaye hajawahi kufika shuleni hana mwalimu wa kumtetea. Aliye naye ni mzazi tu, na kama mzazi huyo hajapata taarifa, basi hana mtu.

Ninachoomba ni hiki. Shule au kituo kinapokamilisha tathmini, mzazi apewe nakala yake walau siku saba kabla ya kikao, na mbele ya ripoti hiyo uwekwe ukurasa mmoja wa maneno ya kawaida unaoeleza mtoto anaweza nini, anapata ugumu wapi, shule itafanya nini na nyumbani kufanyike nini. Asiyejua kusoma asomewe, na mzazi kiziwi apatiwe mkalimani wa lugha ya alama, badala ya kumgeuza mtoto wake mwingine kuwa mkalimani wa habari nzito kiasi hicho. Aruhusiwe kuja na mtu wake, awe ndugu, rafiki au mzazi mwenzake aliyekwisha kupita njia hiyo, kwa sababu mtu aliyepigwa na butwaa husikia maneno ya kwanza tu na mengine humpita. Kikao kianze kwa yeye kusema, yaani wataalamu wamwombe awaeleze mtoto wake ni nani, analala vipi, anafurahia nini, anaogopa nini na hutulizwa na nini, kisha ndipo wafungue kurasa zao. Na asiondoke bila kujua jina la mtu mmoja atakayemrudia.

Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa kuwa maswali ya kweli hayaji siku ya kikao. Huja wiki ya tatu, usiku, mtoto anapoanza tabia mpya na mzazi asijue kama ni dalili ya hatari au ni hatua ya kukua. Huja jamaa wanapouliza kwa nini mtoto hasemi, na mama akakosa jibu la kuwapa. Huja baba wa mtoto anaposema kwamba wataalamu wamekosea na mtoto atakuwa sawa akikua, na nyumba ikagawanyika pande mbili. Mtu huyo mmoja hana haja ya kuwa bingwa wa kila kitu. Anaweza kuwa mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mradi ajue pa kuuliza na asichoke kupokea swali lilelile mara ya pili.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimekwisha kupewa: walimu wamezidiwa na kazi, hawana muda wa kuwaandikia wazazi kurasa wala kuwasikiliza kwa nusu saa. Ninawaheshimu walimu mno, na sitaki mtu asome barua hii kama mzigo mwingine juu ya migongo yao. Lakini miezi minane ya binti yangu chini ya ile feni ilimchosha mwalimu wake pia, kwani kila siku alihangaika na mtoto asiyeitika, akimbembeleza, akimwandikia taarifa, akiita vikao vingine. Nusu saa ya kunisikiliza ingempunguzia kazi hiyo yote. Tena si lazima kila kitu kifanywe na bingwa. Mpango ulioanza mwaka 1969 katika mji wa Portage, jimbo la Wisconsin huko Marekani, hupeleka mgeni nyumbani mara moja kwa wiki, akae na mzazi na mtoto sakafuni, wachague pamoja jambo dogo moja la kufundisha wiki ile, na wiki inayofuata waone limefikia wapi. Nao umeigwa katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mafunzo kwa ajili ya walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na yametungwa makusudi ili yaweze kuendeshwa na watu wasio mabingwa waliopewa mafunzo. Kwa hiyo njia zipo, na zimejaribiwa na watu wenye uwezo mdogo kama wetu.

Niseme pia neno kuhusu uchovu, ingawa si kiini cha barua hii. Mzazi anayeamka mara nne usiku kwa mtoto asiyelala, kisha asubuhi akaenda kazini, kisha akaitwa shuleni saa tano kumchukua kwa sababu amelia, hawezi kutekeleza mazoezi kumi na mawili aliyoandikiwa na watu wanne tofauti ambao hawakuwasiliana. Ni afadhali aandikiwe mawili anayoyaweza. Nimewahi kuyabandika yote kumi na mawili mlangoni mwa kabati, nikayatazama kila siku kwa aibu kwa muda wa miezi miwili, mpaka mtaalamu mmoja wa tiba ya usemi aliponiambia niyabandue yote isipokuwa lile la kumpa mtoto vitu viwili mkononi ili achague kimoja kwa kukinyooshea kidole. Hilo tulilifanya kila siku, katika kuvaa, kula na kucheza. Baada ya wiki tisa alinyoosha kidole bila kuulizwa, kuelekea dirishani, akitaka lifunguliwe.

Mwaka huu, kabla binti yangu hajaingia darasa jipya, sikusubiri kuitwa kikaoni. Niliandika ukurasa mmoja kwa mkono, nikaupeleka mwenyewe kwa mwalimu atakayempokea. Nilimwandikia kwamba amwite akiwa ameinama. Kwamba amwambie jambo moja, kisha ahesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kulirudia, kwa maana kimya chake si ukaidi bali bado analifanyia kazi. Kwamba akiziba masikio, kitafutwe kinachonguruma. Kwamba anapenda ramani na anaweza kuzitazama saa nzima. Mwalimu aliusoma nikiwa nimesimama mbele yake, akatazama dari, akaniuliza ni dawati lipi lililo mbali zaidi na feni, tukalisogeza pamoja. Kesho yake ukurasa wangu ulirudi nyumbani ndani ya daftari la binti yangu, na ukingoni mwalimu ameandika kwa penseli: "Akilia, nimshike bega au nimwache?" Nimemjibu chini yake kwamba amwache, ila akae karibu.

Wako,
Mama wa mwanafunzi mwenye usonji